Uzi wa bogenvilia: ipi ni spectabilis, ipi ni glabra, ipi ni chotara? Tusaidiane kuandika vibao sahihi

KitaluUsaRiver (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kitalu cha miche ya maua hapa Usa River, mwaka wa tisa sasa. Muda wote huo kila bogenvilia iliyotoka kwangu ilikuwa na kibao kimoja: Bougainvillea spectabilis. Nilikuta wenzangu wanaandika hivyo, nami nikaandika hivyo. Nyekundu, spectabilis. Nyeupe, spectabilis. Ile ya rangi ya chungwa, spectabilis.

Mwaka jana alikuja mama mmoja akitaka miche 40 ya kupanda kandokando ya njia ya gari kuingia nyumbani kwake. Alitaka uzio mfupi, unaokubali kupogolewa, wenye maua karibu mwaka mzima. Nikampa. Baada ya miezi kumi akanipigia simu niende nikaone. Nilikuta matawi yamevuka ukuta yanatafuta nyaya za umeme, miiba imepinda kama ndoana, wajukuu wake wanaogopa kupita. Maua aliyaona mara moja tu, kiangazi kilipokaza. Niling'oa yote kwa gharama yangu nikampandia mengine.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Ile miche 40 ndiyo iliyokuwa spectabilis kweli. Mingine yote iliyobaki kitaluni, yenye kibao hichohicho, haikuwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuchunguza mmea mmoja mmoja kwa wembe na kioo cha kukuzia. Nayaweka hapa niliyoyapata, wenye ujuzi mnirekebishe na kuongeza.

Kwanza tukubaliane tunatazama nini. Ile sehemu ya rangi tunayoiita ua si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, wataalamu huyaita brakti. Huwa matatu matatu. Ukilitazama kila moja utaona katikati yake, juu ya mshipa mkuu, kuna kijimrija chembamba chenye kinywa cheupe au cha krimu. Hicho ndicho ua. Na hata hicho hakina petali, ni kalisi (kile kikombe cha nje cha ua) iliyoungana ikawa mrija. Kwa hiyo anayeitambua bogenvilia kwa rangi anatazama nguo, hajauona mwili.

Vya kutazama ni vinne: jani, mwiba, umbo la brakti na ule mrija.

Bougainvillea glabra. Neno glabra kwa Kilatini maana yake ni laini, isiyo na nywele. Jani lake linang'aa, ukilipapasa huhisi manyoya. Mwiba ni mfupi, mwembamba, umepinda kidogo nchani. Brakti ina umbo la pembetatu. Ushahidi mkubwa uko kwenye mrija: umevimba kwa chini na una pembe tano. Ukate katikati kwa wembe, utaona nyota ndogo, mfano wa bamia iliyokatwa. Hii hutoa maua kwa awamu nyingi ndani ya mwaka, na hukubali kupogolewa. Ndiyo aliyoihitaji yule mama.

Bougainvillea spectabilis. Maana yake ni ya kutazamika, na kweli ikichanua utasimama. Jani ni kubwa na lina manyoya, upande wa chini unapapasa kama mahameli. Mwiba ni mkubwa na umejikunja. Mrija wa ua nao una nywele. Hutambaa kwa nguvu na hutoa maua kwa mkupuo mmoja mkubwa baada ya ukavu.

Bougainvillea peruviana. Jani lisilo nene, gome lenye ukijani, miiba iliyonyooka, brakti ndogo zilizokunjamana za waridi hafifu. Hii kitaluni kwangu sijawahi kuwa nayo, ila lazima tuijue kwa sababu ya anayefuata.

Bougainvillea × buttiana. Ile alama ya kuzidisha katikati inasema huyu ni chotara, mtoto wa glabra na peruviana. Jani kubwa lenye umbo la yai, miiba mifupi iliyonyooka, brakti za duara zilizokunjamana kama karatasi iliyofumbatwa mkononi kisha ikaachiwa. Damu ya mzee, chungwa, dhahabu, nyingi tunazouza za rangi hizo ni za ukoo huu.

Nilipozipanga zangu upya, spectabilis safi zilikuwa sehemu ndogo kabisa ya kitalu. Nyingi ni glabra na buttiana, na chache nimeshindwa kuzipa kabila lolote, maana wazazi wamechanganyika mno.

Swali langu kwenu: hizi nilizoshindwa niziandikeje?

---

MzeeWaMiche

Mkuu, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini mimi nipo kwenye biashara hii kabla yako. Mteja haji na kioo cha kukuzia. Anakuja na kusema "nataka nyekundu kama ile ya kwa jirani." Ukianza kumsomesha Kilatini ataondoka. Jina la kisayansi waachie vyuo.

---

KitaluUsaRiver

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusikia, na rangi ni kweli ndiyo inayomleta mteja. Ila rangi haimwambii kama tawi litasimama mita moja na nusu au litapanda juu ya bati. Jina ndilo lenye habari hiyo. Yule mama hakuniuliza Kilatini hata mara moja, na Kilatini ndicho kilichomtia hasara.

---

Mwalimu_Baiolojia

Uzi huu umenifurahisha sana. Nafundisha kidato cha tano na sita, na kila mwaka nikifika kwenye mfumo wa majina ya viumbe wanafunzi husinzia. Kumbe mfano mzuri upo langoni mwa shule.

Niongezee mambo kwa yule aliyeanza.

Jina la spishi lina sehemu mbili, utaratibu uliosimikwa na Carl Linnaeus kwa mimea mwaka 1753. La kwanza ni jenasi, huanza na herufi kubwa: Bougainvillea. La pili huanza na herufi ndogo hata kama linatokana na jina la mtu au nchi: peruviana. Yote mawili huandikwa kwa herufi za mlalo. Baada yake mara nyingi utakuta kifupi, kama Willd. au Choisy. Huyo ndiye aliyelichapisha jina. Spectabilis ilichapishwa na Mjerumani Carl Ludwig Willdenow mwaka 1799. Peruviana ni ya Humboldt na Bonpland, 1808. Glabra ni ya Jacques Denis Choisy wa Uswisi, 1849. Na buttiana ni changa kabisa, Holttum na Standley, 1944. Ukiitazama miaka hiyo utaelewa kwa nini kila mtu anasema spectabilis: ndiyo iliyotangulia kupewa jina, ikakaa mdomoni mwa watu nusu karne kabla ya glabra kutambuliwa. Jenasi nzima ina spishi kumi na kitu, zote asili yake Amerika ya Kusini, lakini nyingi hazijatoka porini. Za bustani zimejengwa juu ya tatu: spectabilis, glabra na peruviana.

La pili ni rangi. Wengi hudhani wekundu wa bogenvilia ni sawa na wa waridi. Sivyo. Waridi lina anthosiani. Bogenvilia ina betalaini, rangi ileile iliyomo kwenye bitiruti, kwenye mchicha mwekundu na kwenye tunda la kakati linaloitwa pitaya. Mmea wenye betalaini hauna anthosiani, na wenye anthosiani hauna betalaini, havikai nyumba moja. Mimea yenye betalaini yote imo katika oda moja, Caryophyllales. Kwa hiyo bogenvilia ya langoni na mchicha wa chunguni ni jamaa, ijapokuwa familia zao ni tofauti. Bogenvilia ni wa Nyctaginaceae.

Wanafunzi wangu huwa hawaamini hadi niwachemshie brakti na mchicha mwekundu pembeni kwa pembeni.

---

BintiNgamiani

Jamani naomba msaada. Nyumbani kwetu Tanga kuna bogenvilia ya marehemu bibi, imefunika banda la uani lote. Tawi moja lina brakti nyeupe na za waridi pamoja. Wakati mwingine hata brakti moja ni nusu kwa nusu. Watu wengine mtaani husema bibi alibebesha miche miwili, mama anasema hapana, ilikuja hivyo hivyo kwenye kopo kutoka kwa rafiki yake. Hiyo ni spishi gani?

---

KitaluUsaRiver

Dada, hiyo imenisisimua. Kabla sijasema kitu naomba utazame mwiba, jani na mrija, utuambie.

---

NyeriBustani

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu bougainvillea imetufunga kabisa na jiji. Aliyeipa Nairobi sura hiyo ni Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji katikati ya karne ya 20. Zile za kando ya Uhuru Highway tulizokua tukiziona kutoka dirishani mwa basi ni matunda ya kazi hiyo.

Nina swali kuhusu herufi. Nina kitabu kizee cha maua ambacho kimeandika Buginvillaea. Ni makosa ya mpiga chapa?

---

Mwalimu_Baiolojia

Ndugu, si makosa ya mpiga chapa wako. Ndivyo jina lilivyozaliwa.

Mwaka 1766 Ufaransa ilimtuma Louis Antoine de Bougainville kuizunguka dunia kwa merikebu mbili, La Boudeuse na L'Étoile. Kwenye L'Étoile alikuwemo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na msaidizi wake, kijana mmoja mchapakazi aliyebeba mizigo ya vielelezo. Merikebu zilikutana Rio de Janeiro, Brazili, Juni 1767, na hapo ndipo mmea huu ulikusanywa. Commerson akaupa jina la kamanda wake.

Lakini hakulichapisha. Commerson alifariki Mauritius mwaka 1773, na makaratasi na mimea yake iliyokaushwa ikapelekwa Paris. Aliyelitoa jina hadharani ni Antoine-Laurent de Jussieu mwaka 1789, akaliandika Buginvillaea. Sheria ya majina ya mimea kwa kawaida hufuata tahajia ya kwanza, hata kama inakera. Hapa wanabotania walikubaliana kuihifadhi tahajia iliyolingana na jina la mwenyewe, Bougainvillea, na ndiyo rasmi hadi leo. Ukiona imeandikwa Bougainvillea Comm. ex Juss., soma hivi: Commerson alilibuni, Jussieu akalichapisha.

Na yule kijana msaidizi alikuwa mwanamke. Anaitwa Jeanne Baret, mzaliwa wa Burgundy mwaka 1740, binti wa watu maskini. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye merikebu za jeshi la Ufaransa, akajifunga kifua akavaa suruali. Walipofika Tahiti mwaka 1768 siri ikawa wazi. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Commerson alikuwa na kidonda cha mguu kilichomsumbua safari nzima, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba tawi la bogenvilia lililofika Paris huenda lilikatwa na mkono wa Baret.

Mimi naliamini hilo. Anayejua miiba ya mmea huu anajua si kazi ya mtu anayechechemea.

---

BintiNgamiani

Na yeye hakupewa mmea wenye jina lake?

---

Mwalimu_Baiolojia

Commerson alikusudia kumpa. Aliandika jina Baretia kwa mmea mmoja wa visiwa vya Bahari ya Hindi, lakini halikudumu. Mimea hiyo leo imo katika jenasi Turraea, ambayo hata misituni kwetu Afrika Mashariki ipo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2012, wataalamu walipotangaza spishi mpya kutoka Ekwado na Peru wakaiita Solanum baretiae. Solanum ni jenasi ya nyanya chungu, bilinganya na mnavu. Walimchagulia mmea wenye majani yanayobadilika umbo, kama ilivyokuwa Baretia ya Commerson.

---

Karafuu_Unguja

Assalaam aleikum wana uzi. Mwalimu amesema Mauritius, nami naomba nifunge fundo hapo, maana linatugusa sisi.

Commerson na Baret walipoteremka Mauritius mwishoni mwa 1768 walipokewa na Pierre Poivre, msimamizi wa kisiwa kwa niaba ya mfalme wa Ufaransa. Poivre ndiye aliyepanga miche ya karafuu na kungumanga itolewe kwa siri visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako Waholanzi walikuwa wameihodhi. Karafuu ikafika Mauritius mwaka 1770, wakati Commerson na Baret wapo palepale. Na kutoka visiwa hivyo ndiko karafuu ilikoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa hiyo ukikaa barazani kwetu, mbele yako bogenvilia, nyuma shamba la mikarafuu, miti yote miwili imepitia mikononi mwa watu waliolala nyumba moja. Mimi babu yangu alichuma karafuu maisha yake yote na hakulijua hili. Natamani ningemwambia.

---

Muscat_Mswahili

Wa aleikum salaam ndugu yangu wa Unguja. Mimi niko Maskati. Huku barabara kubwa zimepambwa kwa mmea huu, na Waarabu wanauita jahanamiya, yaani wa jahanamu. Nilipofika nilishtuka, mbona ua zuri hivi linaitwa hivyo. Mzee mmoja wa bustani alinionyesha viganja vyake vilivyochanwa na miiba, kisha akanionyesha mmea ukiwaka mwekundu jua la saa nane. Sikuuliza tena.

Ila jina la mtaani halinisaidii. Jahanamiya ni zote. Nilinunua iliyoandikwa glabra, nimepima kwa maelezo ya mwanzisha uzi: jani laini, mrija una pembe tano. Alhamdulillahi, kibao kilikuwa cha kweli.

---

MzeeWaMiche

Nimerudi. Nimekaa kitaluni tangu asubuhi na wembe. Mrija wa nyekundu yangu ninayoiuza sana hauna pembe tano zinazoonekana, miiba imenyooka, brakti za mviringo. Nimeiita spectabilis miaka ishirini.

Kijana, hebu nieleze huyo buttiana ametoka wapi.

---

KitaluUsaRiver

Mzee wangu, asante kwa kuitazama.

Mwaka 1910 mama mmoja, Mrs Butt, alikuta mmea wa rangi nyekundu ya damu kwenye bustani ya Cartagena, Kolombia. Hakuwahi kuona bogenvilia ya rangi hiyo, maana nyingi zilizokuwa zikijulikana zilikuwa za zambarau na waridi. Alichukua vipandikizi akavipeleka Trinidad. Toka hapo ukasambaa katika nchi za joto kwa jina lake, 'Mrs Butt', wengine wakauita 'Crimson Lake'. Kwa muda watu walidhani ni spishi mpya. Waliouchambua ndio waliouona kuwa chotara wa glabra na peruviana, na Holttum, aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea ya Singapore, pamoja na Standley wakautolea jina rasmi.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Ule mmea mmoja ulianza kugeuka wenyewe. Tawi moja linatoka na rangi ya chungwa, mtu analikata, analiotesha, linabaki na rangi hiyo: ndiyo 'Mrs McClean'. Si mbegu, si uchavushaji. Ni badiliko la ghafla kwenye chipukizi. Ukihesabu bogenvilia zote za chungwa na dhahabu zilizopandwa mahotelini na majumbani, nyingi ni mwili wa mmea mmoja wa Cartagena, uliokatwakatwa na kuoteshwa tena na tena kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ndiyo maana jina la spishi peke yake halitoshi kwetu sisi wa vitalu. 'Mrs Butt' na 'Mrs McClean' zote ni × buttiana, lakini mteja wa nyekundu ukimpa chungwa mtagombana.

---

Mwalimu_Baiolojia

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwanzo, mkuu.

Mimea ya bustani ina kanuni zake za majina, kando na zile za mimea ya porini. Zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1953. Aina iliyochaguliwa na binadamu na kuenezwa ikibaki vilevile huitwa kultiva. Jina lake huandikwa ndani ya alama moja moja za kunukuu, kila neno kwa herufi kubwa mwanzoni, wala si kwa mlalo. Na kanuni zinaruhusu kuliunganisha moja kwa moja na jenasi, bila kutaja spishi. Yaani Bougainvillea 'Mrs Butt' ni jina kamili na halali. Kama wazazi wamechanganyika huwezi kuwatenganisha, huna haja ya kusema uongo kuhusu spishi. Andika jenasi na kultiva.

Na kultiva za bogenvilia zina msajili mmoja wa dunia nzima, taasisi ya utafiti wa kilimo ya India iliyopo New Delhi, iliyopewa jukumu hilo mwaka 1966. Kwa hiyo mtu akipata tawi jipya kitaluni Usa River au Nyeri, lina pa kuandikishwa.

Kama hata kultiva hujui, andika Bougainvillea peke yake, na chini yake tabia ulizoziona kwa macho: miiba, urefu, rangi, inachanua mara ngapi. Kibao cha namna hiyo kina ukweli zaidi ya spectabilis mia moja za kubandika.

---

NyeriBustani

Swali moja dogo. Nina zile ambazo brakti zimejaa kama waridi lililofumuka, mafungu mafungu. Nimekata nikitafuta mrija, sioni ua lolote ndani. Nimekosea wapi?

---

KitaluUsaRiver

Hujakosea. Hizo ni za brakti nyingi, mfano 'Los Baños Beauty' ya Ufilipino na wenzake. Ua limegeuka likawa brakti juu ya brakti, kwa hiyo kipimo cha mrija hakifanyi kazi. Tumia jani na mwiba. Utazijua pia kwa tabia moja: brakti zikizeeka hazidondoki vizuri, hukauka tawini zikawa kahawia. Mwambie mteja mapema kwamba itabidi azisafishe kwa mkono.

---

BintiNgamiani

Nimerudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, ilibidi nimsubiri mama ashike ngazi.

Majani makubwa, umbo la yai. Miiba mifupi, imenyooka. Brakti za duara, zimekunjamana. Mrija una vinywele vifupi, nimeukata na wembe, sioni nyota ya bamia. Brakti nyeupe na za waridi kwenye kikonyo kimoja. Mama anasisitiza kuwa shina chini ni moja tu, hakuna kovu la kubebesha.

---

KitaluUsaRiver

Dada, mama yako amesema kweli na bibi hakubebesha kitu.

Kwa yote uliyoyataja, hiyo inalingana na 'Mary Palmer'. Nayo ni tawi lililogeuka lenyewe, kama ilivyokuwa 'Mrs McClean'. Lilionekana Calcutta, India, mwaka 1949. Mmea huu mwili wake umejengwa na seli za aina mbili zinazoishi pamoja, tabaka moja lina uwezo wa kutengeneza rangi na jingine halina. Panapotokeza tabaka hili brakti ni ya waridi, panapotokeza lile ni nyeupe, na zinapokutana ndipo unapata nusu kwa nusu. Wataalamu huita mmea wa namna hiyo kimera. Yapo pia mabadiliko yaliyotoka kwake yeye, kama 'Thimma', yenye rangi hizohizo lakini jani lina madoa ya manjano. Yako jani ni kijani kitupu?

---

BintiNgamiani

Kijani kitupu.

Sasa naogopa kitu. Kuna tawi kubwa upande wa choo limetoa waridi tupu mwaka huu, hakuna nyeupe hata moja. Nimehesabu matawi mengine mawili yanaelekea hivyohivyo. Bibi aliipenda kwa sababu ya zile rangi mbili. Inakufa?

---

KitaluUsaRiver

Haifi. Tabaka moja limelishinda jingine kwenye tawi hilo. Likiachwa, kwa kuwa lina nguvu, litawafunika wenzake, na baada ya miaka michache utakuwa na banda la waridi tupu.

Fanya hivi. Tawi la waridi tupu lifuate hadi linapoanzia, likate hapohapo, usiache kisiki. Halafu chukua vipandikizi vya usalama kutoka matawi ambayo brakti za rangi mbili zimekaa pamoja, usichukue penye rangi moja. Unene wa penseli, mbao iliyokomaa, urefu wa sentimita 15 hadi 20, toa majani, panda kwenye mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi, weka kivulini, maji kidogo. Usiweke samadi nyingi, wala baadaye kwenye mmea mkubwa usizidishe, itakupa majani matupu. Otesha kumi, maana baadhi vitatoka na rangi moja hata ukichagua vizuri.

Vikishika salama nitumie viwili kwa basi. Nitakulipa nauli na bei ya mche.

---

MzeeWaMiche

Binti, na mimi niwekee kimoja. Kibao nitaandika kwa mkono wangu: Bougainvillea 'Mary Palmer', mmea mama Ngamiani, Tanga.

---

BintiNgamiani

Nimekata leo asubuhi, matawi matatu ya waridi yote yametoka. Vipandikizi kumi na viwili vipo kwenye makopo ya maziwa chini ya mwembe. Kopo la kwanza mama ameliandika jina la bibi.